Sufuria Niliyoiacha Ukutani

Nina miaka ishirini na saba. Sina mke, sina kazi, nina diploma ya saikolojia niliyoifunga kwenye plastiki ili mvua ya Goma isiiharibu. Ndicho kitu pekee nilichokilinda vizuri maishani mwangu. Mengine... mtaona wenyewe.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mtu wa kuwaza. Kabla ya kumsalimia mtu nawaza atanijibu nini, na akishanijibu nawaza alikuwa na maana gani. Marafiki hucheka nikiwaambia hivyo. Lakini kuwaza kwangu kumemzika mtu. Na kwa miezi saba niliacha kitu kingine kibebe kosa langu.

Naishi katika nyumba ya mbao, upande wa njia ya Munigi. Ukuta wangu ndio ukuta wa jirani. Nikikohoa, Mama Furaha wa upande wa pili huniambia pole bila kuinuka kitandani. Mama huyu ni mtu wa Bukavu, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale sokoni Kituku. Miaka yote ya chuo, sahani yangu ilipitia dirishani kwake. Mume wake, Papa Safari, alikuwa dereva wa pikipiki, mtu mpole, wa kuongea kidogo.

Avenyu yetu, yaani mtaa wetu, ina desturi moja inayotulinda. Wezi wenye bunduki wakiingia kwa mtu, yeyote anayesikia risasi hupiga sufuria. Anayesikia sufuria naye hupiga yake. Kufumba na kufumbua avenyu nzima inalia, watu wanatoka kwa pamoja, wezi wanakimbia. Hatuna kinga nyingine! Ndiyo maana kila nyumba ina sufuria imetundikwa karibu na mlango.

Sasa, rafiki yangu alipohamia Kampala aliniachia televisheni na mashine ya mchezo. Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita: unashika bunduki, unaingia nyumba kwa nyumba, unaua. Wiki nzima nilizunguka na bahasha kutafuta kazi. Jumapili nilikuwa jemadari. Binamu yangu anayepiga muziki wa harusi akaniazima bafle, ile spika kubwa. Nikaiunganisha.

Dakika kumi hazikuisha. Sufuria ya Mama Furaha ililia, avenyu ikaitikia, mlango wangu ukavunjwa, na watu kama thelathini wakanikuta nimekaa kwenye kiti, kidhibiti mkononi. Mama alikuwa mbele yao wote, pekupeku, ameshika mfuniko. Mwanamke wa miaka hamsini alikuja kuniokoa na mfuniko!

"Espoir! Mutoto yangu, wezi beko banakuua?"

"Hapana, mama... ni jeu tu, mchezo."

Watu walicheka mpaka wakaegemea ukuta. "Lisansie!" mmoja akaita, maana ndivyo wanavyoniita tangu nipate diploma. "Leo umeua wangapi?" Mama Furaha hakucheka. Alikaa chini palepale mlangoni, mfuniko bado mkononi.

Jumapili iliyofuata chefu wa avenyu, kiongozi wetu, aliita mkutano uani kwake. Mkatekista wetu, muzee anayeheshimiwa, akasema michezo hiyo inafundisha vijana kuua, na mji huu una wauaji wa kutosha. Mimi nilikuwa nimengoja siku hiyo! Mada ya mwisho wa masomo yangu ilikuwa hiyohiyo. Nikasimama, nikaeleza kwamba anayecheza vita hatoki nje kuua, kwamba bunduki za Goma hazikuzaliwa kwenye televisheni, kwamba walioua hapa wengi wao hawajawahi kugusa mashine kama yangu. Nilisema vizuri.

Ndipo Mama Furaha akainua mkono.

"Mimi sisemi jeu inafundishaka kuua," alisema. "Mimi nasema, nikisikia masasi ya bunduki, nijue ni masasi."

Nikatabasamu. Niliona hakuelewa mjadala. Oo, laiti ningejua kwamba yeye peke yake ndiye aliyeuelewa!

Chefu aliniambia nipunguze sauti. Nilipunguza wiki mbili, halafu nikaipandisha kidogo, halafu tena kidogo. Watu walizoea. Risasi zikilia Jumapili, mtu aliyekuwa anaosha nguo aliendelea kuosha. "Ni Lisansie huyo." Nami nilifurahi! Nilijiambia: tazama, avenyu imekomaa, haiogopi tena.

Kisha ikaja ile Jumapili.

Jumamosi yake mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na waya mmoja unaoleta umeme kwangu na kwa Mama Furaha ukaungua. Nyumba zetu mbili tu zilikosa umeme. Saa kumi jioni, jua bado lipo, nilikuwa mezani naandika barua ya kuomba kazi kwa mara ya nne. Nilikuwa nabishana na nafsi yangu kama niseme "naomba" au "naomba kwa unyenyekevu".

Nikasikia pikipiki ya Papa Safari inaingia uani. Nikasikia sauti za watu nisiowajua, wanataka funguo. Papa Safari akasema, "Kamateni funguo, kamateni tu..."

Risasi mbili.

Ndugu zangu, mashine ilikuwa imezimika! Katika avenyu nzima, wengine wote walikuwa na haki ya kusema ni mchezo. Mtu mmoja tu upande huu wa ukuta alijua kwa hakika kwamba siyo. Mimi!

Nilikuwa nimeshajitupa sakafuni. Sufuria ilikuwa juu yangu, mkono mmoja tu kutoka kichwani. Unajua nilikuwa nawaza nini? Niliwaza kwamba nikipiga, watasema Lisansie ametuletea jeu nyingine. Niliwaza kwamba wezi watajua nipo. Niliwaza labda mtu mwingine atapiga. Niliwaza labda ni pneu, tairi tu, imepasuka, hali nilijua siyo pneu... Niliwaza!

Mama Furaha alianza kupiga yake. Ko! Ko! Ko! Peke yake. Na barabarani nikasikia mtu akicheka: "Eh, mama amechoka na jeu ya Lisansie! Leo atamupiga!"

Kisha akaniita kupitia mbao. "Espoir! Piga! Espoir!" Mara tatu. Nilifunga macho kama mtoto anayedhani hivyo haonekani.

Watu walikuja tu walipowaona wanaume watatu wanatoka kwenye ua na pikipiki ya Papa Safari, bunduki ikionekana. Walimkuta Papa Safari amelala kwenye kizingiti, paja limepigwa. Walimbeba kwa pikipiki nyingine. Hakufika kwenye chumba cha upasuaji. Mtu wa hospitali alituambia kwamba damu ndiyo iliyokwisha, kwamba angeletwa mapema kidogo tu...

Mapema kidogo tu! Maneno hayo bado yanakaa nami mezani.

Jioni ileile chefu alinisimamisha mbele ya watu. Akauliza, "Espoir, ulikuwa unacheza?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini wangeniuliza: sasa mbona hukupiga? Nikatikisa kichwa: ndiyo. Nikasema sauti ya mchezo ilifunika kila kitu.

Hicho ndicho kitendo kibaya kuliko vyote nilivyowahi kutenda. Kuogopa, labda Mungu ananielewa. Lakini kutikisa kichwa?

Vijana waliingia wakatoa mashine, televisheni na bafle, wakavivunja kwa mawe ya volkano katikati ya barabara. Watu walipiga makofi. Mimi walinishika bega: "Pole, Lisansie. Ni ile mashine." Wiki chache baadaye mkatekista akaniomba niongee na vijana wa parokia. Nikaenda! Nikasimama, mimi niliyeandika kitabu kizima kuthibitisha kinyume chake, nikasema michezo ya vita inaua, mimi ni shahidi. Vijana walilia. Mama Furaha alikuwa kwenye benchi la mwisho, kitambaa cheusi kichwani. Aliniangalia tu.

Tangu siku hiyo chakula kilinishinda. Sahani yake iliendelea kupita dirishani, mara mojamoja, na kila ilipopita nilitamani ardhi inimeze. Mwezi wa saba nilimfuata Kituku asubuhi, nikamkuta amepiga magoti anatandaza sambaza juani. Nikapiga magoti upande wa pili wa turubai.

"Mama, ile siku mashine ilikuwa imezimika."

Aliendelea kutandaza samaki. "Najua."

"Unajua...?"

"Waya iliungua, Espoir. Hata kwangu hakukuwa courant. Ungecheza na nini?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini aliacha wavunje vitu, waniite shahidi.

"Nilingojea weye." Kisha akaacha samaki, akanitazama. "Nilikuita mara tatu. Mbao ni mbao tu, mutoto yangu. Nilikuwa nasikia unapumua."

Nililia pale mbele ya wavuvi na wanunuzi, bila aibu. Nilimwomba msamaha. Alisema hajaupata bado moyoni, akiupata ataniambia. Lakini alitaka kitu kimoja: nikaseme kwa avenyu. "Batu beko banalaumu mashine, banalala vizuri. Kesho mwingine atanyamaza, atatafuta mashine yake."

Nilisema. Katika ua uleule wa chefu, mbele ya watu walewale, safari hii bila maneno mazuri. Baadhi yao waliondoka kabla sijamaliza. Mkatekista hanipi tena mkono. Yule aliyecheka barabarani siku ile alikaa ameshika kichwa. Hakuna tena anayeniita Lisansie.

Msiniulize kama mchezo unafundisha kuua. Mimi haukunifundisha. Nilichofanya ni kuwazoeza majirani zangu sauti ya risasi, na ilipolia ya kweli nikajificha nyuma ya mazoea hayo. Hilo halikuwamo katika mada yangu.

Wiki iliyopita, mchana, mlio mkubwa ulitoka barabarani. Kabla sijawaza chochote, sufuria ilikuwa mkononi. Niligonga mpaka mfuniko ukapinda. Watu walitoka mbio, kisha matusi yakaanza: "Weye muginga! Ni pneu ya lori!"

Kufikia hapo nilikuwa nimeshaliona lori. Lakini nyuma ya mbao, sufuria nyingine ilikuwa inalia pamoja na yangu, na haikunyamaza mpaka yangu iliponyamaza.

Nakuomba, wewe unayesoma ukiwa ndani ya nyumba yako na sufuria yako ukutani: ukisikia jirani analia, usikae kuwaza kama mimi. Piga. Waache wacheke. Kicheko chao utakizoea. Ukimya wako, hutauzoea kamwe.