Tumbili Aliyekufa Mwenyewe

Kila kukicha Bibi Kisa wa Mwaya alikuwa shambani, akifukuza tumbili kwenye kakao. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kufika hadi kijijini, na wajukuu wanne alioachiwa na marehemu wanawe walitegemea kakao ile. Miguu ilimuuma, sauti ilimkauka, na tumbili hawakuwa na huruma hata kidogo.

Asubuhi moja alimkuta tumbili amekufa chini ya mti, hana jeraha. Kisa alifurahi, tena bila aibu. Akachukua kamba amtundike mtini, kama wafanyavyo wengi, ili wenzake waogope. Juzi tu alikuwa ametundika mwingine aliyemkuta amekufa vivyo hivyo.

Ezra, bwana mifugo, alikuwa akipita kwa baiskeli.

"Ugonile, mama!" alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Huyo usimguse!"

"Ndaga, mwanangu. Kwani atanitafuna? Si amekufa?"

"Nani amemuua?"

"Sijui. Kafa mwenyewe."

"Hapo ndipo penye hofu. Wanyama wa porini hupata magonjwa ya virusi. Ni vijidudu vidogo sana, havionekani kwa macho. Vingine huingia kwa binadamu kupitia damu, mate au kidonda. Wanyama wakianza kufa bila sababu, lazima tuwapime mapema, kabla watu hawajaugua."

Kisa alitazama mikono yake. Ilikuwa imejaa michubuko ya kupalilia. Akakaa chini.

"Yule wa juzi nilimbeba kwa mikono hii. Nikifa mimi, watoto wale watakwenda kwa nani?"

Ezra hakumdanganya. Alimwambia anawe kwa sabuni na maji mengi, na akipata homa awahi zahanati. Kisha akavaa glovu, akachukua sampuli za tumbili wote wawili kupeleka maabara, akaifukia mizoga.

Kwa wiki tatu Kisa alijishika paji la uso kila asubuhi. Homa haikuja. Majibu yalipofika, hayakuonyesha virusi vya kuambukiza watu. Kisa alilia kwa uchovu.

Mwezi uliofuata Felista, jirani yake, naye alikuta tumbili amekufa. Alikuwa ameshashika kamba Kisa alipomzuia.

"Umekuwa bwana mifugo siku hizi?" Felista alimcheka.

"Nimezika wanangu wawili kwa ugonjwa tulioujua tumeshachelewa," Kisa alisema. "Nimechoka kuzika. Kamwite Ezra. Mimi nakaa hapa, mtu asimguse."

Felista aliiweka kamba chini, akaenda.