Hewa ya Mlinzi

Haya yalimkuta shoga yangu mshona nguo, na yeye hajui kutia chumvi. Hata magauni yake hayana mapambo. Mumewe ni mlinzi wa usiku, hulala mchana, mapazia yamefungwa, chumba giza tii. Akilala pumzi humkatika, ndiyo maana hospitali walimpa mashine ya kumpulizia hewa kwa barakoa. Barakoa ikivuja, mashine haimsaidii kitu.

Siku hiyo ikaanza kuvuja, ssss, kama tairi lenye pancha.

“Mzee, nyoa hizo ndevu, ndizo zinazopitisha hewa.”

“Ndevu zangu zina kosa gani? Kaza mkanda,” akajibu, akapitiwa na usingizi.

Shoga yangu akalowesha kidole, akakipitisha pembezoni mwa barakoa kama alivyofundishwa, asikie hewa inatokea wapi. Ilitokea puani. Akakaza mkanda, ikahamia shavuni. Akakaza tena, ikahamia kidevuni, kama inamchezea. Mwishowe haikutoka popote, lakini mlio ulikuwepo bado, na kifua cha mumewe kilipanda kidogo kuliko mwanzo.

Akamtikisa, hakuamka. Kumvua barakoa hakuthubutu. Akaufuata mlio gizani kwa kidole kilicholowa, ukampeleka upande anaolala yeye, juu ya mto wake ambao haukuwa na mtu. Hapo akaisikia hewa kidoleni, ila haikuwa inatoka. Kila mumewe alipotoa pumzi, pale kwenye mto ilikuwa ikivutwa ndani, taratibu, kama na mtu aliyelala fofofo.