Fundi wa Landrova ya Tadea

Msimu wa kahawa wa mwaka tisini na tano, stendi ya Mbinga ilijaa watu tusiowajua. Walikuja na mizani yao na magari yao mapya, wakanunua kahawa mlangoni mwa mkulima, wakatuambia sasa tuko huru. Hakuna aliyetueleza tumekuwa huru kutoka kwa nani. Magari ya ushirika yalikuwa yamepigwa mnada na mafundi wake wamepewa barua ya mistari minne. Mistari ile naikumbuka mpaka nukta ya mwisho, na siku yake nitaisema hadharani. Leo nasema habari za watu wawili.

Saa nne asubuhi, mbele ya wauza maandazi, Landrova moja kuukuu ilitoa moshi wa buluu, ikakohoa, ikaanza kuchemka. Aliyeshika usukani alikuwa mwanamke. Watu wakacheka kama waliolipwa kucheka.

Tadea alikuwa Mnyasa wa Mbamba Bay, mjane wa miaka thelathini na mitatu. Alivaa gauni la maua ya njano lililofuliwa hadi maua yakafifia, kitenge kiunoni, na viatu vya ngozi vya kiume, maana klachi ya Landrova haitaki ndala. Nyuma alipakia magunia ya usipa, dagaa wetu wa ziwani. Gari aliachiwa na marehemu mumewe, aliyelinunua kwenye mnada ule wa ushirika. Siku likifa, atarudi kukaa jikoni kwa mashemeji zake, apikie watu wanaomhesabia vijiko vya chumvi. Hilo alilijua kila alipopiga starta.

"Dada, zima," sauti ikasema dirishani.

"Nizime nini? Moshi?"

"Injini. Valvu ya silinda ya tatu inalia."

Tadea akamtazama. Mwanamume mrefu, mvi mbili tatu kidevuni, ovaroli ya kijani ambayo kifuani jina la ushirika lilikuwa limefumuliwa, alama za uzi zikabaki.

"Boneti hujafungua, umeijuaje ya tatu?"

"Hii gari nimeihudumia miaka kumi na moja. Saa ya kilomita imezunguka yote ikarudi sifuri, na nilikuwa nimekaa hapo ulipokaa wewe."

"Basi ulikuwa na kiti kibovu, fundi. Kinachoma."

Akacheka. Jina lake Wendelin. Alikuwa hajaoa, ujana wake wote aliumaliza kwenye gereji ya ushirika na kumuuguza mama yake, na mwaka aliozika mama ndio mwaka aliopewa barua.

Akaishusha injini uani, nyuma ya chumba alichopanga kwa mama Getrude. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika, oili inaungua pamoja na mafuta. Ringi mpya Tadea alizipata ng'ambo, Malawi, zikavuka ziwa ndani ya kikapu cha mihogo. Gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya kichwa cha injini na tumbo lake, aliinunua Mbinga, kwenye maduka mapya yaliyojaa vitu vinavyong'aa.

Wendelin aliipinda kwa vidole. "Hizi za siku hizi hubonyea zikipata moto. Nikishafunga, uende safari tatu bila mzigo mkubwa, halafu urudi niikaze hedi upya. Usipokuja, itapasuka."

"Mafundi wote husema rudi."

"Mimi sisemi kwa wote."

Kila Jumamosi Tadea alipanda kutoka ziwani kwa lori la watu, akakaa juu ya debe, akamtazama akifanya kazi. Siku ya kuseti valvu Wendelin alimpa kile kibati chembamba cha kupimia nafasi.

"Ingiza hapo katikati. Vuta. Ikiteleza tu, nafasi imezidi. Ikigoma, ni ndogo. Inatakiwa ikatae kidogo, halafu ikubali."

"Kama wewe."

"Mimi nimekataa nini?"

"Wiki ya tatu hii nakuletea mbasa wa kuchoma, wewe unamwambia asante samaki."

Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa Tadea, mweusi kwa grisi, na hakuuondoa. Mama Getrude alikuwa anaanika mahindi. Akageuza ungo na kujifanya anatazama ukuta. Siku hiyo Tadea aliondoka akiendesha mwenyewe, injini ikinguruma chini kwa chini kama mtu aliyeshiba, na shavuni alama ya grisi aliyokataa kuifuta mpaka Mbamba Bay.

Safari ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Wendelin alihesabu. Alipoona harudi, akaenda posta, akaagiza simu, akangoja mtu aitwe upande wa pili. Enzi hizo simu ya Mbamba Bay ilikuwa ya kuzungusha, moja, mezani kwa mama Bonifasia wa posta, na mtu akiitwa alikuja na majirani zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe, fundi? Tumeshamwita. Sema kwa nguvu, laini mbovu. Na sisi tusikie."

Tadea akashika mkono wa simu. Alikuwa amekimbia, hata kitenge amekigeuza. Siku kumi na nne alingoja sauti ile.

"Wende?"

"Tadea." Nyuma yake Wendelin aliona watu saba kwenye foleni, mmoja wao katekista. "Hedi haijakazwa."

"Hedi."

"Lete gari. Bolti zimelegea sasa hivi, nina hakika."

"Una jingine?"

Kulikuwa na jingine. Alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. "Angalia na maji ya rejeta," akasema.

Tadea akarudisha simu mezani taratibu. Mama Bonifasia akainamia stempu zake. "Huyo ana mapenzi na Landrova, mwanangu," akasema kwa huruma, na watu waliokuja kusikiliza wakatoka bila kumtania, jambo lililomuuma kuliko kutaniwa.

Hakwenda. Safari ya nne alipakia magunia kumi na sita kwa hasira, akaukabili mlima. Kwenye kona za juu maji yakaanza kuchemka. Akaendelea. Injini ikapoteza nguvu, moshi mweupe ukatoka nyuma, na aliposimama alifanya kile tunachofanya wote huku kwetu: akachota maji ya kijito, baridi ya milimani, akayamwaga ndani ya injini inayowaka. Ikalia mara moja, mlio mfupi, kama sahani inayopasuka.

Lori la wanunuzi wa kahawa likamvuta hadi uani kwa Wendelin. Usipa ulikuwa umeanza kunuka.

"Gasketi yako imeniua, fundi."

Wendelin akafungua injini. Oili ilikuwa imechanganyika na maji, rangi ya chai ya maziwa. Kwenye hedi, kati ya valvu mbili, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Umemwaga maji ya baridi?"

"Nilimwaga."

"Nilikwambia uje."

"Uliniambia bolti, Wende. Nilisimama mbele ya watu wote wale na kitenge nimekivaa nje ndani, ukaniambia bolti."

"Palikuwa na katekista."

"Kwangu pia palikuwa na watu."

Wendelin akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Kaa hapa," akasema mwishowe. "Gari limekufa, sawa. Kaa na mimi. Tutatangazwa kanisani Jumapili tatu, tufunge."

Tadea aliitazama Landrova iliyofunguliwa kichwa. Alimpenda mtu yule mpaka mbavu zikamuuma. "Siwezi kuolewa nikiwa nimevutwa kwa kamba," akasema. "Watasema nilikosa pa kwenda. Na mimi nitakuja kusema hivyohivyo, siku tukigombana. Nikija kwako nije kwa magurudumu yangu."

Akarudi ziwani juu ya magunia ya watu.

Hedi ya Landrova ile haikupatikana kwenye maduka yanayong'aa. Zilikuwapo mbili, kwenye yadi ya kampuni iliyonunua magari yetu mnadani na kuyaacha yaote nyasi. Bosi wao alikuwa anatafuta fundi wa kupeleka Makambako. Wendelin akaomba hedi. Bosi akataka miaka miwili ya kazi, bila kurudi nyumbani hata msimu mmoja. Chuma walichokikuta kwetu, kilichonunuliwa kwa kahawa ya baba zetu, wakakibadilisha na mtu wetu. Nayaandika haya ili asije mtu kusema hayakutokea.

Alifanya kazi siku sita. Gasketi aliipika kwenye moto wa injini ikiwa imefungwa, akakaza hedi, akaendesha gari, akakaza tena. Akampelekea Tadea ujumbe kwa dereva: gari tayari, Jumatatu.

Tadea alifika Jumatatu saa mbili asubuhi, gauni la bluu jipya, nywele zimesukwa. Uani palikuwa na Landrova na mama Getrude.

"Shikamoo, mama. Yuko wapi?"

"Marahaba. Ufunguo huu. Amesema usiikimbize, ringi bado mbichi." Mama akashindwa kumtazama. "Ameondoka na lori la kahawa asubuhi hii. Makambako. Miaka miwili, mwanangu. Hedi waliyompa ndiyo bei yake. Alinikataza kukwambia."

Aliikimbiza. Alilikuta lori Kigonsera, limesimama kupakia, abiria juu ya magunia kama kunguru. Akasimama mbele ya bampa lake. Wendelin akateremka, na kabla ya salamu akainamisha sikio kwenye boneti.

"Umezidisha spidi. Inaanza ku—"

"Usisikilize injini. Nisikilize mimi."

Akainuka.

"Nimekuja kwa magurudumu yangu," Tadea akasema. "Sema ulilolikalia siku ile ya simu."

Juu ya lori watu waliacha kutafuna. Wendelin aliwatazama, akamtazama yeye. "Nakupenda," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka gunia la mwisho. "Kabla gari lako halijakohoa stendi nilikuwa sijui naamkia nini."

"Miaka miwili?"

"Miwili. Nimetia saini."

"Vunja."

"Nikivunja watakuja kuifungua hedi hapahapa barabarani."

Tadea alijua ni kweli. Akamfunga kifungo cha ovaroli kilichokuwa wazi, akachelewa kuondoa mkono. "Nitakungoja," akasema. "Si kwa sababu ya hedi. Hedi ningeitupa ziwani."

"Najua, mama."

"Fundi, tunachelewa," dereva akasema, bila ukali.

Akapanda. Lori likaondoka kuelekea Songea na kutimua vumbi la kiangazi, zito, jekundu, likaifunika barabara yote. Tadea akarudi ndani ya gari akafunga kioo. Hakuliondoa gari. Alingoja vumbi litulie aone njia ya kurudi, na hata lilipotulia akawa bado haoni.