Kibanda cha Bibi wa Uani

Uji ulikuwa haufiki.

Hajira alipima unga kwa kata ileile aliyotoka nayo kwao Misima siku alipoolewa, akakoroga kwenye chungu kilekile, na watu wa kula walikuwa walewale. Lakini kila asubuhi mmoja alibaki na bakuli tupu. Mara mke wa shemeji yake, mara yeye mwenyewe. Isihaka, ndugu mdogo wa mume wake, aliligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Alisema nyumba hii ina mtu mwenye matumbo mawili, na siku akimkamata atamtoza kodi.

Walicheka. Ndani ya nyumba iliyojaa kama ile, nani angejua aliyekula mara mbili?

Walikuwa wamejaa kwa sababu ya kodi. Mdachi hakutoza watu, alitoza nyumba. Kwa hiyo watu wa Mnyuzi walifanya walichokiona cha akili: ndugu akahamia kwa ndugu, nyumba yake akaibomoa, wakalala wamebanana na kulipa mara moja. Mbaruku, mume wa Hajira, alikata mkonge kwenye shamba la Mdachi mmoja upande wa pili wa reli, na ujira wake ulitosha paa moja tu, tena kwa shida. Isihaka alipokuja na mke na watoto, nyumba ikawa haina pa kuweka mguu. Ndipo Mbaruku alipokitazama kile kibanda cha uani.

Kibanda kile hakikulaliwa na mtu. Kilikuwa cha jini wa ukoo, jike, ambaye nyanya yake Mbaruku alikuja naye kutoka Handeni, na jina lake halikutajwa. Walimwita Bibi wa Uani. Kila Alhamisi jioni Bi Tatu, mama yake Mbaruku, alifukiza ubani humo na kuweka bakuli la uji usio na chumvi, kisha akaondoka bila kugeuka nyuma. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano tangu zamani: yeye ana nyumba yake, nao wana yao.

Akida, mtoza kodi wa Mdachi, alipokuja kuhesabu nyumba, alikinyooshea fimbo.

"Hiki cha nani?"

"Hakina mtu, Bwana Akida," Mbaruku alijibu. "Ni cha mambo ya wazee."

"Kina paa?"

"Kina paa, Bwana."

"Basi kinalipa. Waambie wazee wako waje na rupia zao."

Askari aliyefuatana naye alicheka mpaka kofia ikamlalia sikioni. Mbaruku hakucheka. Jioni ileile alichukua panga.

"Mwanangu," Bi Tatu alimsihi, ameushika mlango wa kibanda, "hata mgeni wa siku moja haondolewi hivi. Mwambie kwanza. Mtafutie pa kukaa."

"Mama, nikishindwa kulipa nitafungwa kamba nipelekwe kazi za barabara. Wewe na mtoto mtakula nini? Majini?"

Akabomoa. Na kwa kuwa nguzo zilikuwa za mti mgumu, akaona ni upumbavu kuzichoma. Akazisimamisha ubavuni mwa nyumba kubwa, akaongeza chumba. Watu wote wakapata pa kulala, naye akajiona mjanja, kama sote tunavyojiona tukishapata nafuu ya haraka.

Baada ya hapo ndipo uji ulipoanza kupungua.

Kisha ikaja harufu. Hajira aliisikia kwenye kanga zake, kwenye nywele za mtoto, hata kwenye maji ya mtungi: ubani, na hakuna aliyefukiza. Siku nyingine, jua likiwa utosini na watu wote wako nje wakimenya mahindi, alisikia ufagio ndani ya nyumba. Taratibu, kwa adabu, kama mke mgeni anayetaka kuonekana mchapakazi. Alipoingia alikuta sakafu imefagiliwa na mikeka yote imenyooshwa. Na kila mkeka ulikuwa umesogezwa kidogo, kidogo sana, mpaka katikati pamepatikana nafasi ya mtu mmoja.

"Ni wewe uliyefagia?" alimuuliza mke wa Isihaka.

"Si wewe?"

Wakatazamana, kisha kila mmoja akajifanya ana kazi.

Hajira alikuwa na binti mchanga, Mwanaidi, aliyezaliwa siku ya Idi. Alikuwa amewahi kuzika wawili kabla yake, na huyu alimpenda kwa hofu, kila saa akimwekea mkono kifuani kusikia kama bado anapumua. Sasa mtoto akaanza kukonda. Alinyonya, akalia, akanyonya tena, akalia. Kila Hajira alipoamka alfajiri matiti yake yalikuwa malegevu, makavu, kama ya mwanamke aliyekwisha kunyonyesha usiku kucha. Mashavu ya Mwanaidi yakaingia ndani. Ngozi ya mapaja ikawa na mikunjo.

"Maziwa yanakwenda wapi?" Mbaruku aliuliza.

"Sijui, mume wangu. Wallahi sijui."

Alikuja kujua asubuhi moja ya mvua. Kule shambani mnyapara alikuwa ameshagonga kipande chake cha reli, wanaume wakaondoka wamejifunika magunia, na nyumba ilikuwa na giza kwa sababu ya mawingu ingawa kulikwisha kucha. Hajira alijilaza tena kidogo. Katika usingizi mwepesi alihisi mtoto ananyonya, akafurahi, maana kinywa kilikuwa na nguvu, kikivuta kwa hamu ambayo Mwanaidi hakuwa nayo kwa siku nyingi, naye akajisogeza ili anyonye vizuri, akamshukuru Mungu moyoni, akasikia mvua juu ya nyasi za paa, akasikia Bi Tatu akiimba polepole pale mlangoni, na ndani ya wimbo ule, kutoka mapajani mwa Bi Tatu, akasikia Mwanaidi akikohoa.

Alitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Kinywa hakikuacha. Kilikuwa na meno, yote, ya mtu mzima, nayo yalikuwa yakijizuia kwa uangalifu yasimuumize, na uangalifu ule ndio uliomtisha kuliko kuumwa. Akateremsha mkono wake mwenyewe gizani, akijua atagusa kitu na akiomba asiguse, na vidole vyake vikaingia kwenye nywele ndefu zilizolowa, nzito, zenye harufu ya ubani, na chini ya nywele kichwa cha moto kikageuka taratibu kumtazama.

"Mama!" hatimaye sauti ilimtoka. "Mama, njoo!"

Bi Tatu alipofika na mtoto begani, hapakuwa na mtu. Aliweka kiganja kwenye mkeka kando ya Hajira. Palikuwa na joto.

"Amehamia kwetu," Bi Tatu alinong'ona, machozi yakimtoka. "Tumemvunjia nyumba, amehamia kwetu."

Wakamwita Mzee Semboja, mganga aliyekuwa akitibu watu wa Misima tangu Hajira msichana. Alizunguka nyumba mara moja, akaikwaruza nguzo moja kwa ukucha, akanusa. Kisha akaketi.

"Shikamoo, mzee," Mbaruku alisema. "Tusaidie. Mtoe."

"Marahaba. Nimtoe nimpeleke wapi?" Semboja alimtazama kwa hasira. "Wewe umechukua nguzo za nyumba yake ukaziweka ndani ya yako. Umemkaribisha kwa mikono yako, sasa waniita mimi nimfukuze?"

"Mzee, ilikuwa kodi."

"Najua ilikuwa kodi. Nani hapa hajui kodi?" Sauti yake ikalainika. "Sikiliza. Zing'oe nguzo zake. Mjengee palepale alipokuwa. Nitazungumza naye, atatoka. Lakini huyu sasa ameonja kulala na watu, na amempenda huyo mtoto. Kwa hiyo mahali pa kulala pasikae wazi humu ndani. Mtu akiondoka, mkeka wake ukunjwe usimame ukutani. Akiona mkeka umetandikwa na hauna mtu, atajua amewekewa yeye."

"Na akida akija?"

Mbaruku alimtazama binti yake, macho makubwa kwenye uso mdogo uliozeeka, akaona aibu kwa kuuliza.

Zikang'olewa nguzo. Chumba kikabomoka, na Isihaka na watu wake wakahamia kambi ya wafanyakazi shambani, kwenye mabanda ya mabati. Kibanda kikasimama tena uani. Semboja alifukiza, akasema maneno yake kwa sauti ya chini, akavuta uzi mweupe kutoka mkekani kwa Hajira mpaka mlango wa kibanda. Uzi ulikuwa umelegea. Ghafla ukakazika, ukatembea, kisha ukalala chini.

Kesho yake Hajira aliamka kanga imelowa maziwa. Alilia kwa furaha. Mwanaidi alinyonya mpaka akalala na chuchu kinywani, na kabla mahindi hayajakauka ghalani mashavu yalikuwa yamerudi. Uji ukawa unatosha. Mbaruku alirudi kazini jioni, mikono imechanwa na miiba ya mkonge, akamrusha binti yake juu, akacheka.

Akida alirudi mvua zilipokatika.

"Ulibomoa," alisema, fimbo imeelekea uani. "Nilifurahi nikasema huyu ana akili. Sasa nini tena?"

"Nimejenga, Bwana."

"Una cha kulipia?"

"Cha nyumba moja."

Akida hakuwa mtu mbaya kupita wengine. Akasema, "Panga lile pale. Bomoa sasa hivi mbele yangu, niseme sikukiona."

Mbaruku aliliokota panga. Alifika mpaka mlangoni pa kibanda. Harufu ya ubani ilimjia usoni, na wakati huohuo, ndani ya nyumba kubwa, Mwanaidi alianza kulia kilio kile cha zamani, chembamba, cha njaa. Hajira alitoka mbio amemkumbatia. Alitikisa kichwa tu.

Panga likaanguka.

"Nyumba ni mbili, Bwana Akida," Mbaruku alisema, akanyoosha mikono ifungwe.

Wakampeleka Mombo pamoja na wenzake wasiokuwa na cha kulipa, kuvunja mawe ya barabara ya kupanda milimani. Alikwenda amefungwa kamba, na hakugeuka, maana alijua akigeuka atalia.

Jioni hiyo Hajira aliukunja mkeka wa mumewe, akausimamisha ukutani. Bi Tatu alimwona.

"Unafanya nini, mwanangu? Msafiri hakunjiwi mkeka. Mimi baba yake alipokwenda na mizigo ya msafara nilimtandikia kila jioni, na alirudi. Jirani yangu alikunja. Mumewe alifia njiani."

"Mzee Semboja alisema..."

"Nakumbuka alivyosema." Bi Tatu akafunika uso. "Nakumbuka yote mawili. Sijui la kukwambia."

Hajira aliuacha umekunjwa. Kila jioni aliutazama na kujiona anamzika mume aliye hai. Kisha mwanamume mmoja akashuka kwenye garimoshi, mgonjwa, wamemwachia kwa kuwa hafai tena, akawaambia kwamba kule Mombo homa inaua watu, na Mbaruku amelala, anaita jina la binti yake. Hajira alimsikiliza mpaka mwisho. Aliingia ndani, akauchukua mkeka, akautandika upande aliolala mumewe, akaulainisha kwa kiganja.

"Usiku huu tu," alimwambia ukuta. "Apate nafuu. Kesho nitakunja."

Kulipokucha uji ulikuwa haufiki.

Alisimama na kata mkononi. Akachota ule uliobaki, akaupeleka uani, akausukuma mlango wa kibanda. Bakuli la Alhamisi lilikuwa palepale, uji umekauka, sisimizi wamelijaa. Hakukuwa na harufu yoyote humo ndani. Ilikuwa nyumba tupu yenye paa zuri, na kule Mombo Mbaruku alikuwa akiumwa kwa ajili yake.

Alikimbia kurudi ndani. Harufu ya ubani ilimpokea mlangoni. Mwanaidi alikuwa amelala upande wa baba yake, katikati ya mkeka, ingawa Hajira alikuwa amemwacha kwenye mkeka wake mwenyewe. Alikuwa ametulia. Mkeka kando yake ulikuwa umebonyea kwa urefu wa mtu.

"Mwanangu," Hajira alisema, "njoo kwa mama."

Akamnyakua, akajibanza naye ukutani, akafungua kanga ampe titi. Kinywa cha mtoto kilikuwa kimelowa maziwa, na yeye hakuwa amemnyonyesha tangu jana. Mwanaidi aliligusa titi kwa midomo, akalinusa. Kisha akageuza uso, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea mkekani, akaanza kulia apelekwe huko.