Karatasi Chini ya Mlango wa Nabalayo

"Kwa mamlaka makuu niliyokabidhiwa, watu wazima wa nyumba namba saba wafike kwa chifu kesho, saa mbili kamili, wakiwa na vitambulisho!"

Mamlaka yenyewe yalikuwa nusu kiazi cha Dundori, kilichochongwa muhuri na kuchovywa kwenye wino. Chesang, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni, aliigonga muhuri huo karatasi aliyoiandika mwenyewe, akaisukuma chini ya mlango wa rafiki yake Nangila, mtaani Bondeni, kisha akaenda kunywa chai.

Mamake Nangila, Nabalayo, alizaliwa Uganda. Alikuwa ameishi Nakuru miaka kumi na mitano bila kibali cha kuishi nchini, wala hakuwahi kukosa baraza la chifu. Asubuhi alifunga kitambaa chake cha kanisani, akaibeba ile karatasi na kwenda mwenyewe. Aliulizwa kitambulisho. Kufikia Ijumaa alikuwa rumande. Wiki iliyofuata mahakama iliamuru arudishwe kwao. Akavushwa mpaka wa Malaba bila kumuaga mtoto.

Jepkemei, mamake Chesang, alimchukua Nangila. Msichana huyo akawa anaosha hata sufuria zilizo safi, asije naye akafukuzwa.

Wapangaji wa ploti hiyo walimlaumu Sitati, fundi wa viatu, kuwa ndiye aliyemchongea, kwa kuwa aliwahi kugombana na Nabalayo juu ya kamba ya nguo. Hakuna aliyempelekea kiatu tena. Watoto walimzomea, "Msaliti!" Chesang aliyasikia hayo, akapita zake.

Siku moja wakila chakula cha mchana, Nangila alisema, "Natamani kujua nani aliandika ile karatasi. Mathe aliibeba kabla sijaisoma."

"Achana nayo, Nangi," Chesang akamtuliza. "Hata hiyo saa mbili kamili, chifu mwenyewe huwa hajafika."

Jepkemei aliweka mwiko chini. "Nangila hakuisoma. Wewe hiyo saa mbili kamili umeitoa wapi?"

Chesang alirudisha tonge sahanini. "Ni mimi, Mama. Sitati hajui kitu. Ulikuwa mchezo tu."

"Mchezo! Wewe una cheti cha kuzaliwa kabatini, ndiyo maana unacheza na serikali. Mzaha wako umemfunga mama wa mwenzako pingu. Kesho utamwomba Sitati msamaha mbele ya ploti nzima. Kisha tutaenda kwa wakili wa msaada wa kisheria, umweleze yote, tuone kama Nabalayo anaweza kuombewa kibali arudi."

Nangila hakulia. "Asubuhi ile ulimwona mathe akienda?"

"Nilimwona."

"Ukacheka?"

Chesang aliinamisha kichwa.

"Nilicheka."