Picha Iliyomtangulia Mtu

Mto wa kile kiti ulikuwa umebonyea. Si pale kitini. Pale kitini ulikuwa umevimba kama andazi, kwa sababu ofisi ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa na hakuna makalio yaliyougusa tangu Ijumaa. Ulibonyea kwenye skrini tu. Makarius aliangalia kiti, akaangalia skrini, akarudi kwenye kiti. Ukuta ule ule wa bluu, jua lile lile la Kasulu dirishani, saa mbili na robo asubuhi. Lakini ndani ya picha mto ulikuwa umekaliwa na mtu mzito, na mtu mwenyewe haonekani.

"Trésor," alisema taratibu, "umechezea picha zangu?"

Trésor, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu aliyekuwa akipokea wateja pale ofisini, hakuinua uso kutoka kwenye chai yake.

"Papa Esteri, mie najuaka butoni mbili tu. Ya kuwasha na ya kuzima. Fundi ni wewe, si umetuambia mara mia?"

Makarius alimkodolea macho. Kwa hesabu zake, mtu anayewahi kusema hajui kitu huyo ndiye anayekijua.

Sasa msikie ufundi wenyewe, maana bila huo hamtaelewa mkosi. Ofisi ile, nyuma ya stendi, watu walikwenda kuongea kwa video na ndugu zao waliotawanyika, wengine Bujumbura, wengine Kanada, wengine hata hawajui nchi yao inaitwaje. Na ndani ya kompyuta yake mlikuwa na kamera pepe. Hiyo si kamera ya kushika mkononi. Ni programu, draiva, inayouapia mfumo wa kompyuta kwamba hapa pana kamera, na mfumo unaamini bila kuomba shahidi. Inachukua picha kutoka kamera ya kweli, inaisafisha, inaipa ukuta mzuri nyuma, halafu inaikabidhi kwenye simu ya video. Aliyeiandika ni mzee mmoja anaitwa Nkunzimana, ambaye siku nyingi alishaacha kazi akarudi kwao Kibondo.

Tatizo ni kwamba mzee aliijenga kwa matabaka saba. Picha ilipita la kwanza, ikapokelewa na la pili, ikasukumwa la tatu, mpaka inafika kwa mteja sauti imeshatangulia na midomo inaifuata nyuma kama mkia. Wateja walilalamika. Makarius akapiga kifua: nipeni siku nne, nitaacha matabaka matatu. Na alikuwa hadanganyi. Katika wilaya ile hakuna aliyemfikia kwa kupunguza programu. Alikuta tabaka linaloipindua picha kichwa chini, na lingine, kazi yake yote hapa duniani, kuigeuza tena. Akayafuta yote mawili. Akakuta mawili yanayopima upana ule ule. Akayaunganisha.

Halafu akalikuta la nne. Tabaka la nne halikufanya kitu. Picha iliingia, ikangoja na wenzake wawili, ikatoka kama ilivyoingia. Juu yake mzee alikuwa ameandika maneno manne: *Pana mwenyewe humu. Usiguse.*

Makarius alicheka mpaka akamwita Trésor aje aone.

"Liache, Papa Esteri," Trésor alisema. "Mtu hawezi kuandika vile bure."

"Mwenyewe ni uvivu wake mzee," alijibu Makarius, na Ijumaa ile, saa sita mchana, akalifuta.

Jumatatu ndiyo mto ukabonyea. Siku hiyo hiyo wateja walianza kumsifia. Midomo na sauti vilikwenda pamoja, safi kabisa. Makarius alizisikia sifa kwa sikio moja, sikio la pili lilikuwa kwa Trésor. Alimkagua droo, alimkagua simu, alibadilisha nywila. Kijana huyu anataka nifukuzwe, aliwaza. Amebandika picha ya mto. Lakini picha ya kubandika haisogei, na mto ule, alipoutazama sana, ulikuwa ukipanda na kushuka kidogo, kama unavyopanda na kushuka chini ya mtu anayepumua.

Jumanne ofisi ilinuka udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na ilikuwa kiangazi, nje vumbi tupu. Jumatano, Makarius alipovaa vipokea sauti kupima mstari, alisikia kitu alichokijua tangu utoto wake kijijini: mrija unanyonya pombe kwenye chungu kinachokaribia kwisha. Krrr. Kimya. Krrr. Alivivua, akamtazama Trésor, na Trésor alikuwa mlangoni kabisa, anaongea na muuza ndizi.

Mchana huo akaja Apoline, mama mmoja muuza mahindi, kuongea na shemeji yake wa Bujumbura. Alikaa pale pale kitini, anacheka, anauliza habari za mbuzi. Makarius alikuwa mbele ya skrini yake. Ndipo akaona kwamba Apoline wa kwenye picha ameacha kucheka, amechukua ncha ya kitenge chake, amejifunika uso nayo, na mabega yanatikisika, wakati Apoline wa kitini bado anauliza kama yule beberu mweusi amepona mguu, na shemeji upande wa pili anamkatiza, anasema, dada, samahani, mama ametutoka alfajiri. Hapo Apoline wa kitini akachukua ncha ya kitenge, akajifunika uso, mabega yakatikisika. Vile vile. Kidole kwa kidole.

Alipoondoka, Trésor alimsogelea Makarius.

"Umeona?" alinong'ona Trésor.

"Sijaona kitu."

"Papa Esteri. Ulipunguza kuchelewa. Umepunguza mpaka wapi?"

Makarius alikuwa na jambo lililomtisha kuliko hilo. Binti yake Esteri, aliyemaliza kidato cha sita na alama zinazotajwa mpaka kanisani, alikuwa na usaili wa video Ijumaa saa nane. Chuo cha uuguzi cha nje ya nchi, nafasi moja, na usaili ungefanyika kwenye kiti kile. Intaneti nyingine ya kutegemewa haikuwepo. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi alimleta ajaribu, akijisemea kwamba mtoto wake hana msiba wowote unaomsubiri.

Esteri alikaa, akaweka sawa kola. "Naonekana, baba?"

Alionekana. Alionekana vizuri sana, ametulia, mikono magotini, kisha yule wa kwenye picha aligeuza shingo kama mtu aliyeitwa na mtu aliye karibu mno, akainuka, akatoka nje ya picha bila kuangalia nyuma, na kiti kikabaki kitupu, ila mto wake haukuinuka, ulibaki umebonyea vile vile, na ule ukuta wa bluu nyuma yake ukawa unafifia na kurudi, unafifia na kurudi, huku Esteri wa kweli amekaa palepale mbele ya baba yake anauliza mara ya tatu, "Baba, naonekana?"

"Inuka," alisema Makarius. "Nenda nyumbani kwa mama yako. Usisimame njiani."

Saa sita mchana alikuwa Kibondo. Njia nzima alikuwa na uhakika kwamba ni mtego wa Nkunzimana, kwamba mzee aliacha mdudu kwenye programu ili atakayemrithi aaibike. Alimkuta kwenye mashine yake ya kusaga, mweupe kwa unga mpaka kope.

"Mwakeye, mzee," Makarius alimsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye. Umefuta la nne," alisema Nkunzimana, akazima mashine.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu wa Kasulu anayekuja kunitafuta kwa sababu ya unga." Alisogea karibu na kushusha sauti. "Unajua ofisi ile imejengwa juu ya nini? Palikuwa na kichaka, na ndani yake indaro. Bibi yako hakukuonyesha indaro?"

Makarius aliikumbuka: kijumba cha nyasi nyuma ya nyumba, kimo cha mtoto, kinachowekewa pombe ya mzimu.

"Wenye kiwanja wakavunja bila kumwita mteko, mtu wa ukoo aliyekabidhiwa ardhi na walio ndani yake. Aliyekuwemo hakuondoka. Akaja kukaa kitini kwangu, ndani ya picha. Marehemu baba yangu alikuwa mteko. Akaniuliza, hicho chombo chako unaweza kutengeneza ndani yake mahali patupu? Nikasema naweza. Akasema basi mjengee humo. Nikamjengea chumba cha picha tatu. Zinaingia, zinangoja, ndipo ya kwanza inatoka. Pale zinapongoja ndipo anapolala. Sasa umemvunjia mara ya pili. Hana pa kungojea, kwa hiyo anatangulia."

"Na binti yangu? Kwenye picha ameinuka akaondoka."

Nkunzimana alijifuta unga machoni.

"Bado hajaondoka. Mrudishie mzimu chumba chake kabla binti hajakaa. Picha tatu, kama ilivyokuwa. Usiniletee ufundi wako, mwanangu."

Ijumaa asubuhi Makarius alilijenga upya tabaka la nne, mistari yote arobaini. Alipoliwasha, mto kwenye skrini uliinuka polepole, ukavimba kama andazi. Harufu ikakatika. Trésor akafanya ishara ya msalaba, akaenda kununua maandazi kwa furaha.

Halafu Esteri akaja, akakaa, wakajaribu. Na midomo ikachelewa. Alisema jina lake, na jina likafika kabla ya mdomo. Makarius aliwaona akilini wale wasaili huko waliko wakitazamana, wakicheka mtoto wa Kasulu anayezungumza kama sinema mbovu. Shaka ikamrudia, safari hii kwa mzee. Kwa nini tatu? Nani amepima mzimu akapata picha tatu? Yule ana kinyongo. Anataka kazi yake ibaki na kasoro ile ile ili nisionekane nimemzidi. Zilibaki dakika kumi. Aliweka picha moja badala ya tatu. Akautazama mto kwa makini. Haukubonyea. Hata moja ni nafasi, alijisemea.

Usaili ulikwenda kama maji. Midomo na sauti pamoja. Esteri alijibu kila swali, na mengine alianza kuyajibu swali lenyewe likiwa bado linaulizwa, mpaka wasaili wakacheka kwa kupendezwa, na mwishoni mama mmoja mwenye miwani akasema barua itafuata ila ajihesabu amepata. Trésor alipiga makofi. Nyumbani walichinja kuku.

Jumapili baada ya ibada Makarius alikaa barazani, viatu vinambana, akawaza kumwita Esteri amletee maji ya kunywa.

"Abee, baba," Esteri aliitika kutoka jikoni.

Makarius alikuwa hajafungua mdomo.

Alikuja na kikombe, akakiweka mezani kando ya simu ya baba yake. Alipopiga goti, Makarius akaona uso wa mwanawe umelowa machozi, na mkono wake tayari umeshika ncha ya kitenge, unakipandisha taratibu kuelekea machoni, na toka kwenye nguo zake ikapanda harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Mwanangu, unalia nini?"

"Sijui, baba," alisema Esteri. "Bado hawajapiga simu."

Simu ilikuwa kimya mezani. Makarius aliifunika kwa mkono wake, akaikandamiza kwa nguvu zake zote, akangoja.