Mchezo wa Kumi na Mbili

Jumapili michezo ilikuwa kumi. Félicien aliihesabu mwenyewe, akaandika orodha nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwaka jana, maana siku hizi mkewe alikuwa akimwambia kwamba anasahau. Jumatatu saa nane mchana, umeme uliporudi na kompyuta ikaamka kwa kukoroma kwake, ilikuwa kumi na mmoja.

Aliikunja ile orodha akaificha mfukoni. Félicien ni mtu wa kulala njaa kuliko kukubali kwamba amekosea hesabu.

Zamani alikuwa dereva wa treni ya Kabalo. Kisha akaanguka na baiskeli yake mwenyewe pale Lubuye, mguu ukapona vibaya, akabaki kuwa mtu wa fimbo na wa kukaa nyumbani. Émérence, mkewe, alifundisha shule ya msingi asubuhi. Binti yao wa pekee, Tina, alikuwa anasoma Lubumbashi. Basi mchana, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, umeme ukiwapo, mume na mke walikaa viti viwili mbele ya skrini moja na kucheza michezo ya zamani ya kubofya. Si ile ya risasi na magari. Hii unatembea chumba kwa chumba, unagusa kila kitu kwa kipanya, unaokota kamba, ufunguo, kipande cha jibini, unatia kwenye mfuko uliochorwa chini ya skrini, halafu unajiumiza kichwa siku nne ukijiuliza jibini inafungua mlango gani.

Michezo hiyo na kompyuta yenyewe vilikuwa vya Edmond, kaka mkubwa wa Émérence, fundi wa mitambo kule Kabimba, kwenye kiwanda cha saruji. Homa ilimchukua kwa siku tatu, wiki tano zilizopita. Siku ya mazishi Félicien aliibeba kompyuta kwa pikipiki, eti isinyeshewe. Familia ilikuwa haijakaa kugawa vitu, na matanga yalikuwa hayajafungwa kwa sababu mjomba Lambert alikuwa bado hajafika kutoka Manono.

"Tunaichunga tu," alisema Félicien. Émérence hakupenda, ila naye alitaka kucheza.

Jumatatu hiyo ilibidi wachague mchezo mpya, na kuchagua ndiko kulikowagombanisha siku zote.

"Kliké ile ya mupishi wa meli," alisema Émérence, akimwonyesha pa kubofya. "Juzi ulichagua weye."

"Ile ni ya batoto."

"Ya batoto, na mu ile ya fundi saa ulikwama siku ine."

"Sikukwama. Nilikuwa naangalia."

Alibofya mchezo autakao yeye, wa mnara. Skrini ikawa nyeusi, kisha ikarudi kwenye orodha. Akabofya tena. Nyeusi, orodha. Kwa hasira akabofya wa mpishi, wa gereza, wa shamba la mizabibu, yote kumi, na yote kumi ikamrudisha palepale. Alipiga meza kwa kiganja. Hapo ndipo Émérence aliposikia harufu ya saruji mbichi, ile ya jengo lililomwagiwa maji asubuhi, na mtaani kwao Kataki hakuna aliyekuwa akijenga.

"Na ile ya mwisho ni nini?" aliuliza.

Mchezo wa kumi na moja haukuwa na jina. Ulikuwa na picha ya mlango wa kijani wenye kitasa kilichopinda. Mlango wao ni wa kijani, na kitasa chake kimepinda.

Félicien alibofya. Ukafunguka mara moja. Maneno meupe yakaandikwa katikati ya skrini: EDMOND, TUENDELEE? Chini yake, NDIYO na HAPANA.

"Acha," alinong'ona Émérence. "Papa Tina, acha. Matanga haiyaisha."

Kwao, watu wa kandokando ya ziwa, jina la marehemu halina mtu mpaka matanga yafungwe. Siku hiyo wazee humchagua ndugu mmoja, humwita kwa jina la aliyekufa, naye huitika, na tangu hapo jina lina mwenyewe. Kabla ya siku hiyo likiitwa na yeyote, popote, hakuna anayeitika. Hata watoto wanajua.

"Ni mashini," alisema Félicien. "Nimechoka na mashini yenye inakataa." Akabofya NDIYO.

Kikatokea chumba. Kilichorwa kwa miraba midogo ya rangi, lakini kilikuwa chumba chao: viti vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda ukutani, birika rafuni. Félicien alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Unaona? Edmond alitutengenezea. Ile muntu ilikuwa fundi." Akabofya birika. Birika likaingia mfukoni chini ya skrini.

Émérence alikwenda kuchemsha chai. Rafu ilikuwa tupu, na pale birika linapokaa vumbi lilikuwa limeacha duara safi.

Alirudi akasimama mlangoni. Mumewe alikuwa ameondoa mkono kwenye kipanya, ameuweka mapajani, na mshale ulikuwa unatembea peke yake. Ulichukua ufunguo wa kufuli. Ulichukua kiatu kimoja cha Émérence cha shuleni. Kila ulipochukua, kulisikika mbofyo, ta, lakini si kutoka kwenye kipanya bali kutoka ndani ya kabati. Mwisho ukapanda ukutani kwenye picha yao ya harusi, ukasita hapo.

"Zimisha," alisema Émérence kwa sauti ndogo.

Félicien alichomoa waya ukutani. Skrini ikafa, ila ile mibofyo haikufa, ta, ta, ikatoka kabatini ikaingia ukutani, ikashuka nyuma ya viti, ikapita chini ya sakafu polepole kama inayokagua kila kitu kinachoweza kubebwa, ikafika kwenye mguu mbovu wa Félicien na kukaa hapo, ta, ta, huku harufu ya saruji ikizidi mpaka ikawa ladha ulimini, na Émérence alipoinua macho akaona picha ya harusi bado iko ukutani, yeye akiwa na gauni lake na maua yake, ameushika mkono wa hewa.

Shangazi wa Émérence, Mama Fanny, alikuja kesho yake. Aliuza sokoni ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, Jumatano aliongoza maombi, na mambo ya zamani aliyajua pia ingawa kanisani hakuyasema. Alikataa kiti.

"Ile haiko Edmond," alisema. "Edmond amelala. Ile ni jini ya njiani, inatafuta jina ya kuvaa. Jina ya mufu ilikuwa wazi. Nani aliitika?"

"Sikuitika. Nilikliké tu," alisema Félicien.

"Iliuliza?"

"Iliuliza."

"Ukasema ndiyo?"

Félicien alitazama fimbo yake.

"Basi uliitika. Sasa iko na jina, inatafuta muntu wa kukaa ndani. Sikiliza muzuri, mukwe wangu. Leo saa nane mufungue jeu ingine, muchezo yenye mutapatana bote bawili. Itakuuliza jina. Uandike jina yako, yenye baba yako alikupa. Ikikataa mara mia, uandike paka ile, ile tu. Usiandike ingine, hata mara moja. Ukiandika ingine, bwana ya huyu mwanamuke ataenda mu ile mufuko, na yenye itabaki hapa haitakuwa yeye." Kisha akamgeukia Émérence. "Na weye umuite jina yake. Ile ya Papa Tina uiache kwanza."

Émérence aliona haya. Tangu Tina azaliwe, miaka kumi na tisa, hajamwita mumewe kwa jina tupu. Mke gani anamwita mumewe kama anaita mwanafunzi darasani?

Saa nane umeme ulirudi. Safari hii hawakugombana. "Ya mupishi," alisema Félicien, na mchezo wa mpishi ukafunguka na muziki wake wa kuchekesha. JINA LAKO? uliuliza.

Aliandika FÉLICIEN. Skrini ikaonyesha EDMOND.

Akafuta, akaandika tena. EDMOND. Mara kumi, mara ishirini, kwa kidole kimoja, akigonga kila herufi kama anayepigilia misumari. Émérence alikuwa amekaza macho kwenye skrini, anaomba. "Félicien," alisema. "Félicien, endelea. Shangazi alisema mara mia." Mibofyo ilianza tena kabatini. Harufu ikaja. Mara arobaini. Jasho lilimtiririka Félicien, na mimi naijua hasira ile, hasira ya mtu aliyejaribu kila ufunguo kwa kila mlango huku mchezo ukimjibu neno lilelile, mpaka asitake tena kushinda, anataka tu ule mlango ufunguke, ufunguke kwa vyovyote, aondoke hapo.

Halafu macho yake yakawa madogo, kama yanavyokuwa anapopata jibu la fumbo. Kama nikiandika Félicien inatoa Edmond, aliwaza, basi nikiandika Edmond itatoa Félicien. Alisogeza bega likafunika mkono wake. Akaandika.

FÉLICIEN, ikasema skrini.

Émérence alilia kwa furaha. Harufu ilikatika. Birika lilikuwa rafuni, kiatu chini ya kiti, na kwenye picha ya harusi bwana harusi alikuwa amerudi mahali pake. Mama Fanny alipopiga simu aliuliza jambo moja tu: "Aliandika jina yake?"

"Niliiona na macho yangu, shangazi."

Na kweli aliiona. Kosa lake ni kwamba alitazama skrini, hakutazama vidole.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa tamu, na hilo ndilo lililopaswa kumshtua. Papa Tina hakupiga meza tena. Alimwachia mkewe achague kila mchezo, na mafumbo yaliyokuwa yakimla siku nne aliyamaliza bila kukunja uso. Jioni aliosha mikono muda mrefu, akisugua kucha kama watu wa Kabimba wanavyofanya wakitoka kazini. Émérence alimwita kwa jina siku mbili. Mara zote mbili hakumsikia, naye akadhani ni ugeni wa kuitwa hivyo. Akaona aibu, akarudi kwenye Papa Tina, na Papa Tina aliitika vizuri.

Mjomba Lambert alifika, matanga yakafungwa Jumamosi mchana uani kwa familia ya marehemu, mwendo mfupi kutoka Kataki. Wazee walikuwa wamemchagua Cédrick, mpwa wa Edmond, wakamkalisha mkekani. Wakwe walikaa nyuma kwenye viti. Mjomba Lambert alisimama, akaita jina kama linavyoitwa siku hiyo, kwa sauti ya kufika ziwani.

"Edmond!"

Cédrick alifungua kinywa. Kabla hajatoa neno, jibu lilitoka nyuma, kwenye viti vya wakwe, tulivu kabisa.

"Niko."

Watu wote waligeuka. Félicien alikuwa ameketi ameshika magoti, anatabasamu kwa adabu. Fimbo yake hakuja nayo.

Mama Fanny hakumtazama yeye. Alimtazama Émérence. "Umuite," alinong'ona.

"Félicien," alisema Émérence. Mumewe aliendelea kutazama mbele. "Félicien. Félicien, bwana wangu." Alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, na uso ule haukutikisika hata kidogo.

Émérence alikimbia hadi nyumbani Kataki kwa miguu, kitenge kikimponyoka. Ilikuwa saa nane na nusu, umeme ulikuwapo, na kompyuta ilikuwa inakoroma ingawa asubuhi aliiacha imezimwa. Michezo ilikuwa kumi na miwili. Picha ya wa mwisho ilionyesha mlango wa kijani kwa upande wa ndani, na mbele yake mtu mdogo wa miraba, mguu mmoja umepinda, fimbo mkononi. Alikuwa anagonga mlango kwa fimbo. Ta. Ta. Ta.

Alibofya. FÉLICIEN, TUENDELEE? NDIYO. HAPANA.

Aliyajua maneno hayo. Alijua jina la namna gani huulizwa hivyo. Akisema ndiyo, ameitika jina la mumewe kama jina la maiti, na Mama Fanny hakusema nini humpata mtu wa pili anayeitika. Akisema hapana, mlango ule hautafunguka. Alilia kwa hasira, hasira ya Félicien kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani alipiga meza kwa kiganja.

Nyuma yake mlango ulifunguliwa. Hatua ziliingia sebuleni, hatua za miguu miwili iliyo sawa, na harufu ya saruji mbichi ikamfika shingoni.

"Chagua mbio, Mama Tina," alisema mumewe kwa upole. "Kuran ya umeme itaenda."

Émérence alishika kipanya. Kwenye skrini yule mtu mdogo aliacha kugonga, akangoja.